Ngoma Isiyo na Tundu

Seremala alipowasha kiberiti ili apashe gundi moto, mwali wake ulilala upande. Hapakuwa na upepo, na mlango wa karakana ulikuwa umefungwa. Mwali uliinama kuelekea ile ngoma aliyoimaliza jana yake, kama kitu kinachovutwa kwa uzi, kisha ukazimika. Akawasha kingine. Mwali wake nao ukafuata njia ileile.

Ngoma ilikuwa ya marehemu mwanawe. Watu walimwita Kisigino, kwa sababu mguu wake haukujua kutulia. Mama yake alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile mchuzi haukuwahi kulala kwenye sahani, kwa jinsi mguu huo ulivyotikisa meza. Kijana alipenda kupiga ngoma amesimama, akiwatazama watu usoni, kwa hiyo akaanza kujitengenezea moja ndefu yenye miguu: ngozi ya juu ipigwe kwa vijiti, ngozi ya chini ipigwe kwa pedali, nyundo yake ikitokea sakafuni kwenda juu. Alikunja mbao nyembamba, akaziunganisha kwa gundi, akazipiga msasa. Kisha homa ikamchukua. Mungu alimpa, Mungu akamtwaa. Baba yake akaimalizia.

Mama mtu alitaka iwe sebuleni aione, karibu na cherehani ya binti yao, mtoto pekee aliyebaki. Mchana mmoja, wote wakiwa mezani, ngozi ya chini ililia. Du. Du-du. Du. Pedali haikuguswa na mtu. Ulikuwa upigaji wa Kisigino hasa, pamoja na ile tabia yake ya kuchelewa kidogo mwishoni. Mama aliweka kijiko chini akalia kwa furaha. Seremala naye, Mungu amsamehe, alifurahi.

Binti alikuwa ameshika kifua.

"Hewa haitoshi humu, baba," alisema polepole. "Naivuta, inanipita."

Hospitali walimpima mapafu wakasema ni mazima. Lakini kila ngoma ilipolia alikohoa, na ilipolia kwa nguvu midomo yake ilibadilika rangi. Wakafungua madirisha yote, na bado mapazia yakavutwa ndani, yakaelekea kwenye ngoma, huku harufu ya ngozi mbichi ikipanda sebuleni, ikiingia kwenye nguo alizoshona na kwenye maji ya kunywa, mpaka binti akashindwa hata kuita jina la mama yake.

Seremala akamleta mama mmoja msomaji wa dua. Yule mama aliizunguka ngoma, akapapasa ubavu wake.

"Hii inapumulia wapi, fundi?"

Seremala akamweleza yote. Ngoma kama ile huachiwa tundu ubavuni la kutolea hewa, na Kisigino alikuwa ametia alama mahali pake kwa penseli. Lakini siku ya kufunga ngozi ya mwisho, baba aliinama, akaingiza uso ndani ya ngoma, akamwita mwanawe, na akasikia kama ameitikiwa. Akafunga ngozi haraka, akakaza bolti zote. Tundu hakulitoboa, asije akampoteza tena.

"Ulimwita asiyeweza kuja," mama msomaji alisema. "Anayeweza ndiye aliyekuja. Sasa anapumua kwa kifua cha binti yako. Toboa wewe mwenyewe, na tundu lisizibwe tena."

Mama msomaji akaanza kusoma. Seremala akachukua keekee, akaiweka penye alama ya penseli. Ncha ilipoanza kuuma mbao, sauti ikatoka ndani, ndogo, ya Kisigino alipokuwa mtoto.

"Baba, usinitoe. Huko nje sikujui."

Mkono wake ukasimama. Mke wake akamshika bega, akamwomba asubiri, amuulize kwanza huyo aliye ndani. Sakafuni, alipokuwa ameanguka, binti alikuwa akifungua mdomo na kufumba, bila sauti, macho kwa baba yake, na seremala akazungusha keekee huku machozi yakimwangukia mikononi, akazungusha na sauti ikimwita baba, baba, baba, akazungusha mpaka ncha ikazama.

Pumzi ya moto ikawapita usoni, ikinuka ngozi mbichi. Mapazia yakashuka. Binti akavuta hewa kwa kishindo, akaomba maji, akasema leo hata vumbi la karakana lingekuwa tamu. Wakamshukuru Mungu. Binti akarudi kwenye cherehani yake.

Seremala akamsindikiza mama msomaji mpaka njia kuu, wakakubaliana kwamba ngoma ivunjwe jioni hiyohiyo. Akarudi na shoka.

Hatua chache kabla ya mlango, alisikia. Du. Du-du. Du.

Mke wake alikuwa amepiga magoti, shavu kwenye mbao, kidole kimezama tunduni mpaka shinani.

"Kidogo tu, baba watoto," alinong'ona. "Anamalizia."

Seremala akamshika mkono, akavuta. Kidole hakikutoka. Akavuta tena, kwa nguvu zake zote, na ndani ya ngoma kitu nacho kikavuta.

Nyuma yao, cherehani ilikuwa imenyamaza.