Wavu wa Mnada

Jambo ambalo Inspekta Védastine Nishimwe hakuligundua asubuhi ile lilimlowesha viatu. Alisimama uani kwa Mukagasana, kiongozi wa kundi la wavuvi wa Nkanka, gunia la plastiki likafunguliwa, na wavu mpya ulioripotiwa kuibwa katika bohari moja ya Kamembe ukamwagwa mbele yake. Akaandika rangi, urefu na ukubwa wa matundu. Kisha akapangusa viatu na kumtia mwanamke huyo mbaroni.

"Uliuchukua?"

"Niliuchukua, Maman Inspekta. Sikatae. Niliushinda ku mnada ya mu telefone, nikalipa elfu makumi sita. Nafika bohari, Ntabaza wa mnada anasema pesa ya kusafirisha mzigo ni elfu mia moja na ine! Njo maana nikaubeba."

"Mbele yake?"

"Mbele yake. Alilia kama mbuzi ya siku kuu."

Konstebo Hirwa alicheka. Inspekta hakucheka. Ziwa, lililofungwa kwa uvuvi kwa miezi miwili, lingefunguliwa jioni hiyo. Kundi lisilo na wavu lingepoteza nafasi yake, na watu tisa wa Mukagasana wangekosa riziki msimu mzima.

Ntabaza, wakala wa mnada, alileta hati ya mizani: kilo hamsini na mbili, faranga elfu mbili kwa kila kilo. Hirwa alipoupima wavu kituoni alipata hamsini. Tofauti ndogo, mizani haziwi pacha. Akautandaza juani kama kielelezo. Saa tisa akaupima tena ili aufungie stoo, akaja mbio.

"Afande, tumekwisha! Imebaki kilo makumi tatu na moja. Bameiba kilo kumi na tisa hapa hapa polisi!"

Védastine aliruka kitini. Wavu ulikuwa mzima, hata uzi mmoja haukukatwa. Ulikuwa mkavu. Akakumbuka viatu vyake vilivyolowa asubuhi. Yeye ni mzaliwa wa Nkanka, na huko wavu uliolowa haumshangazi mtu, kama vile jogoo anayewika. Lakini wavu huu ulikuwa haujaliona ziwa!

Akamwita Ntabaza.

"Gunia lilikuwaje ulipolipima?"

"Limefungwa, Afande. Kavu kabisa."

"Basi, Papa Ntabaza, maji yote yale yaliingilia wapi?"

"Labda mvua..."

"Mvua iliyoliruka gunia?"

"Pengine huyu mama aliuchovya mu ziwa."

"Hati yako ni ya juzi, na tayari ina kilo hamsini na mbili. Yeye ameugusa leo."

Ntabaza akafuta jasho.

"Ni pipa," alisema hatimaye. "Iko nyuma ya bohari. Nachovya nyavu, blanketi, yote yenye kunywa maji. Kisha nafunga upya."

"Kwa nini?"

"Mnada inaanzia bei ya chini, faida yangu iko ku pesa ya kusafirisha mzigo tu. Batu banapigania bei, Afande, banatukanana. Hakuna mwenye anauliza mzigo itamufikia ngapi. Na mwenye amekwisha kulipa hawezi kuacha kitu yake."

Mukagasana alilipia usafirishaji wa kilo thelathini na moja, akaachiwa na wavu wake. Hakusamehewa chochote ila maji. Jua lilipozama, mitumbwi yake ilikuwa majini pamoja na mingine.

Tangu wiki ile, minada ya mtandaoni ya Kamembe hutangaza gharama ya usafirishaji kabla ya bei ya kwanza kutajwa, na kila mzigo hufunguliwa na kupimwa mbele ya aliyeushinda.