Njia ya Kwenda kwa Mama Lenah

Mwanamume amekaa Gatwekera, Kibera, miaka minane, halafu anarudi kutoka safari na kuuliza kwake ni wapi! Jentrix, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyeulizwa, na ndiye aliyemnong'onezea Kamene kwenye foleni ya maji. Kamene akacheka, ila moyoni hakucheka.

Musembi, mumewe, alikuwa ameenda baharini mara ya kwanza, mwaka mzima kwenye meli ya mizigo, yeye Mkamba wa Kitui aliyezoea mito mikavu. Sasa siku ya tatu nyumbani, ya safari hasemi. Kamene alishuku kuna mwanamke Mombasa, akaanza kumchunguza. Simu hana, eti ilipotea. Chai aliitia chumvi vijiko vitatu, akainywa bila kukunja uso. Na kila alipoketi, sakafu ya simiti ililoa, ikikauka inabaki nyeupe kwa chumvi, na nyumba nzima ilinuka samaki ilhali tangu Jumapili walikuwa wamekula sukuma wiki tu, na Lenah, binti yao aliyemlilia baba mwaka mzima, alikataa katakata kupakatwa.

Mchana huo simu ya Kamene ililia, namba ya ng'ambo. Akatoka nje kuipokea.

"Mama Lenah, ni mimi. Tumefika Durban."

Ilikuwa sauti ya Musembi. Akasimulia haraka haraka: mwanzoni alikosea kila kitu, alifunga kamba vibaya, alitapikia viatu vya nahodha, na kila kosa lilimfunza. Ila moja. Siku moja akiwa kwenye zamu peke yake, sauti ilimsalimia kwa Kikamba kutoka majini, ikamuuliza kwao ni wapi. Kwa upweke akaielekeza kama watu wa Kibera wanavyoelekezana: shuka Highrise, vuka reli, pita duka la makaa la Wanzala, mlango wa buluu, uliza Mama Lenah.

"Wenzangu wamenigombeza sana, wanasema sauti hizo hufika kweli. Kuna mtu amekuja?"

"Yuko ndani," Kamene akanong'ona. "Ana sura yako."

"Umemwita jina langu?"

"Hapana. Namwita Baba Lenah tu."

"Usilitaje. Akiitwa Musembi akaitika, mimi sirudi tena. Chukua mtoto, utoke hapo."

Kamene aligeuka kumtafuta Lenah. Jentrix, mkarimu wa watu, alikuwa ameshafika kwenye mlango wa buluu na sahani ya chapati.

"Musembi, njoo uonje!"

"Naam," ikaitika sauti kutoka ndani.

Kamene aliita kwenye simu, akaita tena. Haikuwa imekatika. Upande wa pili palisikika maji tu.