Chakula cha Mfalme Torvald

Hadithi tena? Jana hadithi, juzi hadithi. Mdomo wangu huu si redio.

Tena mnataka ya kutisha! Mkishatishika, nani atabanwa kitandani? Si mimi, na mbavu zangu hizi?

Haya, sogeeni. Atakayelia, shauri yake.

Palikuwa na mtoto, jina lake Ragnild. Alikuwa na miaka saba, na jino moja la mbele limeng'oka.

Alikaa Uswidi, mbali huko kaskazini. Ni zamani, enzi za wafalme wa mapanga na viatu vya utepe.

Huko baridi si mchezo. Ziwa linaganda mpaka farasi anapita juu yake. Ikifika saa tisa alasiri, jua limeshakwenda zake.

Baba yake Ragnild alikuwa Mfalme Torvald. Alikuwa na ndevu nyekundu, na kicheko cha kutikisa vikombe.

Akaugua. Kisha akafa. Wafalme nao hufa.

Wakamweka kwenye jeneza, katikati ya ukumbi mkubwa. Ukumbi wakauvika nguo nyeusi.

Kuta nyeusi. Sakafu nyeusi. Madirisha meusi. Hata viti vilivalishwa nguo nyeusi.

Mshumaa uliwaka mmoja tu. Nao ulikuwa ukitetemeka.

Sasa, nchi ile ilikuwa na mila yake. Mfalme akifa, waliendelea kumwandalia chakula. Kila siku sahani yake, kijiko chake, kiti chake.

Sahani ikirudi imejaa, basi, mfalme ameondoka kweli. Anazikwa, na mwanawe anavikwa taji.

Lakini sahani ikirudi tupu? Hapo mfalme bado ni mfalme. Msicheke. Kila nyumba ina mambo yake.

Mwenye kupeleka chakula alikuwa Waziri Asker. Alikuwa mrefu, mwembamba kama mpini wa ufagio. Funguo zote za jumba zilining'inia kiunoni mwake. Akitembea, zinalia: cha, cha, cha.

Siku ya kwanza akapeleka supu ya njegere. Akaiweka mezani, mbele ya jeneza. Akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo.

"Maiti hatazamwi akila," akasema. "Mimi naenda kumwombea."

Akaenda zake. Watu wakabaki mlangoni, wameshika pumzi.

Ndani kimya. Kimyaaa. Halafu...

Ting', ting', kijiko!
Mlango umefungwa.
Nani yumo ndani?

Waziri akarudi, akafungua. Jeneza lipo pale pale. Mshumaa unatetemeka.

Na sahani? Tupu! Imelambwa mpaka inang'aa.

"Mnaona?" akasema Waziri Asker. "Mfalme anakula. Mfalme bado ni mfalme. Na funguo zake nitazishika mimi."

Wazee wa baraza wakatazamana. Walivaa kola kubwa nyeupe, za mikunjo mikunjo. Kila kichwa kama yai juu ya kisahani. Kola zote zikatetemeka.

Watu wazima hao! Wangefikiri kidogo tu. Lakini woga ukiingia kwa mlango wa mbele, akili hutoka kwa wa nyuma.

Siku ya pili, samaki wa chumvi. Siku ya tatu, nyama ya kulungu. Siku ya nne, mkate wa siagi.

Ting', ting', kijiko!
Mlango umefungwa.
Nani yumo ndani?

Na kila siku waziri alitoka na amri. "Mfalme amesema, watumishi wapunguziwe kuni." "Mfalme amesema, farasi wake mweupe nipewe mimi."

Watumishi wakakaa na baridi. Waziri akapanda farasi. Na tumbo lake, mwembamba yule, likaanza kuchungulia.

Ragnild alikuwa akiupita mlango ule mbio. Lakini akilini haukumtoka.

"Baba ana njaa?" aliwaza. "Baba ana baridi? Mbona hawamwachi apumzike?"

Mchana mmoja akajikaza. Akaweka sikio lake mlangoni. Mbao zilikuwa baridi kama barafu.

Mcha, mcha, mcha. Kuna kitu kinatafuna!

"Baba?" akanong'ona.

Kutafuna kukakoma. Kimyaaa. Ragnild nywele zikamsimama. Akakimbia, kiatu kimoja akakiacha pale pale.

Siku ya kumi, asubuhi, Waziri Asker akaja na amri nyingine.

"Mfalme amesema, Ragnild apelekwe kwenye ngome ya ng'ambo ya ziwa. Kesho asubuhi. Akae huko."

"Mpaka lini?" akauliza Ragnild.

"Mpaka mfalme ashibe," akasema waziri. Akatabasamu kwa meno ya juu tu.

Ngome ile ilikuwa na kunguru, na mlinzi mmoja asiyesema. Basi.

Ragnild akakimbilia jikoni kwa Mama Botilda, mpishi.

"Mama Botilda, baba hanipendi tena?"

"Nani kakwambia?"

"Waziri. Anasema baba ananifukuza."

Mama Botilda akampangusa pua kwa aproni. "Mambo ya maiti siyajui, mwanangu. Mimi najua masufuria. Na sahani ya mfalme inarudi haina hata tone."

Ragnild akafikiri.

"Hata tonge moja hakubakiza?"

"Hakubakiza hata harufu."

"Baba hubakiza," akasema Ragnild. "Kila siku. Tonge la mwisho ni langu. Hata akitoka vitani na njaa yake."

Mama Botilda akaweka mwiko chini. Ni kweli. Aliyaona hayo miaka yote.

"Basi huyo anayekula si baba yako."

"Ni nani?"

"Sijui. Na magoti yangu hayataki kujua."

"Mimi nataka kujua. Niingize ukumbini."

"We mtoto! Huogopi?"

"Naogopa. Lakini kesho ninapelekwa."

Mama Botilda akavuta pumzi. "Haya. Basi ogopa huku unatembea."

Kila siku, kabla ya chakula, Mama Botilda alikwenda kutandika kitambaa cha meza. Na sketi yake, jamani, ilikuwa pana kama hema.

Saa tisa alasiri. Nje giza. Upepo unalia: vuuu, vuuu.

Mama Botilda akaingia ukumbini, hatua kwa hatua. Mbona leo alikuwa na miguu minne? Hakuna aliyetazama chini.

Akatandika kitambaa. Kikashuka mpaka sakafuni. Alipotoka, miguu miwili ilibaki chini ya meza.

Waziri akaleta supu. Akaiweka. Akatoka. Mlango: ka-chak!

Ragnild akabaki peke yake. Yeye na jeneza.

"Baba, ni mimi," akanong'ona.

Jeneza halikujibu. Majeneza hayajibu, na heri yetu hivyo.

Ragnild akainua ukingo wa kitambaa, akachungulia. Mshumaa ukatetemeka. Mara nguo nyeusi ya ukutani ikacheza.

Pale hapakuwa na dirisha. Hapakuwa na upepo. Nguo ikavimba, ikanywea. Ikavimba tena, kama inapumua.

Ikafunguka.

Ko. Ko. Ko. Kitu kinatembea. Kwiii! Kiti kinavutwa.

Ragnild akafumba macho yote mawili. Kisha akafumbua moja.

Ting', ting', kijiko!
Mlango umefungwa.
Nani yumo ndani?

Mbele ya pua yake palikuwa na viatu viwili. Viatu vyeusi, vya utepe mwekundu, umefungwa kama kipepeo.

Ragnild akasema kwa sauti ndogo, ndogo kabisa:

"Baba, nibakizie tonge."

Kijiko kikasimama hewani. Kimyaaa.

Mwenye viatu alidhani mtoto yuko nje mlangoni, kama siku ile. Akafanya sauti nzito, ya kutoka kaburini.

"Mimi ni mfalmeee. Hakuna tongeee. Nenda zakooo!"

Hakuna tonge! Hapo woga ukamtoka Ragnild, na hasira ikakaa mahali pake.

Polepole akafungua utepe wa kulia. Polepole akafungua wa kushoto. Akaufunga huu na ule kwenye mguu wa meza.

Fundo la kwanza. Fundo la pili. La tatu, lile la kufungia ng'ombe mkorofi.

Juu yake, mcha, mcha, mcha. Mlafi hajui habari.

Ragnild akatambaa. Akatokea upande wa pili. Akapiga kelele kwa nguvu zote za kifua chake:

"WAZEEE! NJOONI! MFALME ANAKULAAA!"

Mlaji akaruka. Meza ikamfuata. Gwaraaa! Supu hewani. Puuu! Mtu chini, meza juu yake, bakuli kichwani kama kofia.

Cha, cha, cha! Funguo alizozificha chini ya koti zikalia kiunoni mwake.

Alikuwa Waziri Asker.

"We mtoto!" akafoka. "Nifungue!"

"Subiri kwanza," akasema Ragnild. "Nafungua mlango."

Akachomoa funguo kiunoni mwake. Akajaribu wa kwanza. Akajaribu wa pili. Wa tatu, ka-chak!

Wazee wa baraza wakaingia, kola mbele. Nyuma yao, Mama Botilda na mwiko wake.

Wakamwona waziri sakafuni. Njegere kwenye nyusi. Kijiko cha mfalme mkononi. Na nyuma ya nguo nyeusi, mlango mdogo uko wazi.

"Mimi... mimi nilikuwa naonja," akasema waziri. "Kama chumvi imekolea."

"Siku kumi unaonja chumvi?" akasema Mama Botilda. "Pole sana, bwana. Ungeniuliza ningekwambia."

Mzee mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Kola zote zikatetemeka tena, lakini si kwa woga.

Wakamimina supu nyingine. Wakaiweka mbele ya jeneza, na milango yote wazi. Watu wote wakatazama.

Mvuke wa supu ukapanda. Ukapungua. Ukaisha.

Hakuna kijiko kilicholia. Sahani ikarudi imejaa mpaka ukingoni.

"Baba ameondoka kweli," akasema Ragnild. Akalia kidogo. Alikuwa na haki ya kulia.

Wakamzika Mfalme Torvald kwa heshima zake, na kengele zikapigwa. Wakazitoa nguo nyeusi ukumbini. Mwanga wa theluji ukaingia ndani.

Ragnild akavikwa taji. Likamshuka mpaka puani. Mama Botilda akalijaza sufi, likakaa.

Amri yake ya kwanza ilikuwa fupi. "Watumishi warudishiwe kuni."

Usiku ule Malkia Ragnild akalala chini ya blanketi tatu. Jumba zima likawa kimya. Ni kile kimya cha kawaida, cha watu walioshiba na kulala.

Nanyi msifumbe macho bado. Asker hajalipa.

Wazee walimwuliza Ragnild, "Tumfanye nini huyu? Tumtupe ziwani?"

"Ziwa limeganda," akasema Ragnild. "Mwandalieni chakula."

"Chakula!"

"Ndiyo. Alipenda kula cha maiti. Basi ale kama maiti."

Wakakivika chumba kimoja kidogo zile nguo nyeusi. Kiti kimoja, sahani moja, mshumaa mmoja.

Kila siku Asker aliingizwa humo, na mlango ukafungwa. Sahani ilikuwa mbele yake. Lakini hakuruhusiwa kuigusa mpaka mshumaa uishe.

Supu ikapoa. Mafuta yakaganda juu yake kama ziwa. Mkate ukakauka kama kigae.

Hakuna aliyemwambia karibu. Hakuna aliyemwambia nipe chumvi. Hakuna aliyemwuliza, leo umeshiba?

Baridi ya mwaka wa kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Tumbo likarudi ndani, akawa mpini wa ufagio tena.

Siku moja Asker akavua mkufu wake wa dhahabu. Akaupitisha chini ya mlango.

"Mama Botilda," akasema, "chukua. Nipe kijiko kimoja tu cha supu ya moto. Kimoja!"

Mama Botilda akauokota mkufu. Akaugeuza huku na huku. Akaurudisha chini ya mlango kwa ncha ya kiatu.

"Maiti hanunui, bwana," akasema. "Kula. Imeshaganda."