Mgeni wa Ameir

Yaliyomkuta Ameir tulisimuliwa na mkewe, Salme, mwanamke asiyejua kutia chumvi katika maneno, na kidogo nimekiona kwa macho yangu, kwa sababu milango yetu ilikuwa inatazamana, ghorofa ya tatu, huku magharibi ya Alexandria, Marekani. Ningependa sana kusema ni uzushi. Ningekuwa nakula vizuri zaidi.

Kazi ya Ameir ilikuwa kuegesha magari ya wageni wa hoteli. Kutwa yuko chini ya ardhi, anavuta moshi wa magari, anapokea funguo, anatabasamu. Mwaka huo daktari akamwambia presha imepanda, atembee. Mtu mwingine angezunguka mtaa jioni, basi. Ameir alimsikiliza Wayne, Mmarekani anayefanya naye kazi, ambaye kila mwaka hupotea siku nane milimani Shenandoah peke yake na begi mgongoni, naye akaona ataweza. Wayne akamwazima begi, hema na jiko dogo la gesi. Akamfundisha kuning'iniza mfuko wa chakula kwenye mlingoti wa chuma ili dubu wasiufikie. Akamwonya kuhusu kupe, matope na barafu za mwisho wa Machi. Kuhusu adabu hakumwonya, na angemwonyaje?

Asubuhi ya safari ilikuwa ya kawaida kabisa. Salme alimfungia tende, visheti, kababu zilizokaushwa na mchele. Ummu, binti yao wa miaka sita, alikuwa mezani anakula mkate wa kumimina, macho kwenye simu, na baba yake akampita mara mbili bila mtoto kufungua mdomo. Hilo lilimuudhi Ameir. Kwao Unguja mtu akikupita unakula, hata kama humjui, hata kama limebaki tonge moja, unamwambia karibu. Akasimama, akamweleza tena, kama alivyomweleza siku zote.

"But nobody's coming, Baba," Ummu akajibu. Kiswahili alikielewa chote, kukizungumza ndiko hataki.

"Si lazima aje mtu. Ndiyo tabia yetu. Wewe sema tu."

Hakusema. Ameir akambusu kichwani, akashuka kwa Wayne aliyekuwa anamsubiri garini.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa raha tupu. Miti ilikuwa bado mitupu, majani ya mwaka jana yamelala chini yameloa, theluji imebaki kwenye vivuli tu. Kuna mmea unaochipua kwenye majimaji majira hayo ambao ukiukanyaga unanuka kama nyama iliyooza. Ameir aliukanyaga mara moja, akalaani, akacheka mwenyewe. Aliswali juu ya mwamba, bonde zima liko chini yake, akasikia kifua kimefunguka. Siku ya pili hakukutana na mtu hata mmoja.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, jua bado likiwaka, alifika kwenye kibanda cha mbao wanacholala wasafiri, kuta tatu na upande mmoja wazi. Akapika wali, akavunjia kababu humo, akakaa ukingoni mwa sakafu na sufuria mbele yake. Akala kwa mkono. Nyuma ya kibanda majani yakalia. Zilikuwa hatua, nzito, za mtu aliyechoka. Zikazunguka kushoto kwake. Ameir alikuwa ameinama anafinyanga tonge, na bila kuinua macho, kama alivyofanya maisha yake yote, akasema:

"Karibu."

Akasogea kidogo kumpa nafasi.

Hatua zikakoma. Alipogeuka hapakuwa na mtu. Akajicheka, akajiambia upweke umeanza kumla. Ndipo ikamjia harufu, ya mdomo usiooshwa siku nyingi, karibu sana, kama mtu anampumulia shavuni. Akarudisha macho kwenye sufuria. Upande wake wali ulikuwa kama alivyouacha. Upande wa pili kulikuwa na shimo, na kwenye wali imebaki mifereji minne ya vidole. Juu ya mfuniko limewekwa tonge. Lilikuwa limetafunwa, linavutika mate ya manjano, na bado lilikuwa linatoa mvuke.

Alitapika hapohapo. Akausugua mkono wake kwa udongo hadi ukachubuka. Akajiambia ni mnyama tu, ingawa mnyama gani huyo mwenye vidole, na adabu ya kukubakizia?

Asubuhi alishusha mfuko wa chakula kutoka mlingotini. Fundo lilikuwa lake, kama alivyolifunga. Ndani, tende zote zilikuwa zimetafunwa, kila kokwa limenyonywa likawa jeupe, kisha likarudishwa katikati ya tende yake iliyotafunwa na kupangwa safu kwa safu. Visheti vilikuwa vinateleza kwa mate. Akachana pakiti ya supu iliyofungwa kiwandani, haijaguswa na mtu. Iliyomo ndani ilikuwa imetafunwa. Akaitupa kama aliyeshika panya mfu.

Akakusudia kukatisha safari. Barabara ilikuwa nusu siku tu, na angeweza kumwita Wayne. Akatembea haraka, njaa inamkata, na kila alipopunguza mwendo alisikia majani yakikanyagwa, hatua mbili nyuma yake. Hazikumkimbilia. Zilimfuata kwa utulivu, kama mtu aliyealikwa anavyomfuata mwenyeji wake.

Kwenye kijito akainama kunywa maji kwa kiganja. Kitu kikamkwama kooni. Akatia vidole mdomoni, akashika unywele. Akavuta. Ukaja. Akavuta tena, ukaendelea kuja, mweupe, mrefu, una utelezi, anausikia ukimkwangua kifuani unapopanda. Ulipokwisha ulimfika kutoka mkononi hadi magotini, na hakuna mtu nyumbani kwake mwenye nywele nyeupe.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia sawasawa. Si ya nafsi yake. Aliiona barabara kule chini, gari moja linapita, na akajiuliza akipanda gari la Wayne atapanda na nani, na akifungua mlango wa nyumba yake atamwingizia nani Ummu. Akakaa juu ya jiwe. Simu ilikuwa na mtandao kidogo, akampigia mkewe.

Salme alikuwa kazini, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza kwa kunong'ona, "Ulimkaribisha, Baba Ummu?"

"Nilisema tu. Mdomo umezoea."

"Basi ni mgeni wako. Usimtukane, usimkimbie. Mpe chakula chote kilichobaki, mwambie kimekwisha, msindikize kidogo umuage vizuri. Umwache hukohuko. Usije naye kwa mtoto. Nakuomba."

Ameir akafanya alivyoambiwa. Akapika mchele uliobaki, akaumimina wote juu ya jiwe bapa, akageuka. Nyuma yake kukawa na mlio wa kutafuna mdomo wazi, wa kunyonya vidole, wa kumeza. Muda mrefu. Ulipokoma akaanza kutembea kuelekea njia ndogo inayorudi msituni, mbali na barabara, na majani yakawa yanadidimia ubavuni pake. Jua lilikuwa linawaka. Aliona kila jani linavyolala. Hakuona mguu.

Penye njia panda akasimama. Akasema chakula kimekwisha. Akasema ameshukuru kutembelewa. Akasema yeye anarudi, mwenzake abaki salama. Maneno yalitoka sawa, yote, kama alivyofundishwa.

Kitu kikauingia mkono wake wa kulia. Kilikuwa laini, cha moto, kimelowa, hakina mfupa. Kikamshika mkono kama ulimi unavyoshika pipi. Kilikuwa kinaagana naye. Na Ameir, mtoto wa watu, aliyelelewa vizuri, mwili unamsisimka kwa kinyaa, akatamka lile ambalo kila mwenyeji wa kwao humwambia mgeni anayeondoka.

"Haya. Karibu tena nyumbani."

Kikamwachia mkono. Majani hayakulia tena.

Alisimama pale hadi jua likainama. Alingoja, akasikiliza, akanusa. Hakukuwa na kitu. Akashuka barabarani, akampigia Wayne, na alipokuja kumchukua Ameir aliketi kiti cha mbele, akawa anageuka nyuma njia nzima. Hapakuwa na harufu. Alipompigia Salme alimwambia kwamba amemuaga na mambo yamekwisha. Alilolisema mwishoni hakumwambia. Aliona aibu, mimi nadhani, na pia alijidanganya kwamba lisiposemwa mara ya pili litakuwa halikusemwa.

Alilala kwa Wayne usiku mmoja, apate nguvu. Kesho yake saa saba mchana akapanda ngazi zetu, mchafu, macho yamezama. Nilikuwa mlangoni kwangu natoa ndoo ya takataka. Tukasalimiana. Mkono wa kulia hakunipa.

Alikuta mlango wake haujafungwa. Salme na Ummu walikuwa mezani wanakula wali na mchuzi wa samaki. Kumbe tangu baba alipoondoka, Salme alikuwa anamfundisha mtoto kusema karibu kila mlo, ili Ameir akirudi afurahi. Na baada ya ile simu ya pili hakuona sababu ya kuacha, maana kwa anavyojua yeye mgeni alishaagwa.

Ummu akamwona baba yake amesimama kizingitini. Uso ukang'aa. Akaweka kijiko chini, akasema kwa sauti ya kujivuna, kwa lafudhi yake ya Kimarekani:

"Karibu, Baba."

Kisha akaangalia kidogo pembeni, nyuma ya Ameir, pale nilipokuwa nimesimama mimi na ndoo yangu, na pale ambapo, naapa, nilisikia pumzi chafu ya mdomo ikinipita shavuni.

"Karibu," akasema tena.

Akashuka kitini. Akavuta kiti kimoja. Akavuta na cha pili.

Ameir alikimbilia meza, akaisukuma sahani ya mtoto hadi ukutani. Alichelewa. Upande wa Ummu wali ulikuwa kama alivyouacha. Upande wa pili kulikuwa na shimo lenye mifereji minne. Salme alimwangalia mumewe, na kwa uso wake akajua kila kitu alichofichwa. Mtoto hakulia. Alikunja uso tu, kama mtu aliyetiwa kitu kibaya mdomoni, akaingiza vidole viwili, akaanza kuvuta.

Walihamia Manassas mwezi wa Mei. Ummu siku hizi anakula kwa mrija na haongei Kiswahili wala Kiingereza. Ule unywele uliotoka kwa mtoto Salme aliuviringisha ndani ya karatasi akaniachia mimi, kwa kuwa hakutaka kuusafirisha. Upo kwenye mtungi wa kioo juu ya kabati langu. Ni mrefu kuliko mtoto mwenyewe, na mpaka leo haujakauka.