Kopo la Mwenyeji wa Pangoni

Asubuhi hiyo bia ilinuka nywele zilizoungua.

Kreszenz akaonja, akatema. Huku kwetu Bavaria bia haipikwi wakati wa joto. Ile ya Machi hulazwa pangoni juu ya barafu, nayo ndiyo riziki ya kiwanda mpaka Septemba. Kiwanda hicho Kreszenz alikirithi kwa babake, pamoja na chachu ya vizazi sita na mwenyeji wa pangoni ambaye padri hataki hata atajwe.

Mwenyeji huyo hana makuu. Kila jioni apelekewe kopo moja la bia, na mpelekaji ajitaje jina, basi. Lakini siku kopo lisipofika, ole wake aliyetajwa. Tangu wafunge ndoa, miaka saba sasa, kazi hiyo aliichukua mumewe, Korbinian. "Wewe pumzika, mke wangu," alimwambia, na Kreszenz akajiona kapata mume.

Kreszenz akashuka pangoni na taa. Kopo lilikuwa juu ya pipa la mwisho, kavu, buibui kajenga ndani. Akasikia pumzi nzito ikitoka pipa la kwanza, ikahamia la pili, la tatu, ikimfuata hatua kwa hatua huku ile harufu ikimjaa puani hadi machozi yakamtoka, mpaka ikasimama sikioni mwake na kunong'ona, taratibu kama mgeni aliyelazwa njaa, "Kreszenz."

Jina lake, si la mumewe.

Alipanda ngazi mbio. Korbinian alikuwa mlangoni, funguo mkononi.

"Ulikuwa unamtajia jina la nani?"

Akatazama viatu vyake. "Lako. Tangu jioni ya kwanza. Niliogopa."

Hilo angemsamehe, woga ni wa binadamu. Akamuuliza kopo liliacha kupelekwa lini. Wiki tatu, akajibiwa.

"Na hizo wiki tatu, uliogopa nini?"

"Kiwanda hiki hakijawahi kuwa changu, Kreszenz. Hata siku moja."

Korbinian akaufunga mlango polepole, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Ufunguo ukazunguka. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Kreszenz hakugonga.

Pumzi ikapanda ngazi nyuma yake.

"Aliyekuwa akikuletea ni Korbinian," akasema gizani. "Si mimi."

"Najua," ikajibu. "Lakini yeye alinipa wewe."