Utepe wa Faksi ya Dorotea

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha baa, Mkuyuni. Masalu alifunga komeo, akachora kwa chaki juu ya meza.

"Hapa geti. Hapa ofisi. Hapa stoo ya mabondo." Alimkazia macho Elias. "Fundi, kazi yako?"

"Naingia kutengeneza faksi. Natoa amri ya bosi ya kuruhusu magunia kwenye mashine hiyo hiyo, ionekane imetoka Dar."

"Chenge?"

"Naleta pikapu, napakia magunia, natimua."

Mabondo ya sangara, vile vibofu vya tumboni ambavyo zamani watu waliwatupia mbwa, siku hizi yalilindwa kwa bunduki. Wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wameingia, na Mwanza nzima ilikuwa imeshtuka.

"Karatasi ya amri?" Elias aliuliza.

"Chenge anarudi nayo, naichoma. Ushahidi kwisha. Atabaki karani aliyeipokea. Huyo shauri yake."

Karani huyo aliitwa Dorotea, mjane wa kaka yake Elias. Ndiye aliyemtafutia tenda ya kutengeneza mashine za kampuni. Elias alikuwa amejiambia polisi watamhoji kidogo tu, kisha watamwachia. Alijidanganya, na alijua kwamba anajidanganya.

Saa sita mchana.

"Shemeji, umekuja! Mashine imenitesa wiki nzima."

"Pole, shemeji. Ngoja niione."

"Kula kwanza. Marehemu angeniuliza nimekupa nini."

Alimwekea chai na andazi. Elias aliliuma andazi mara moja, akalirudisha sahanini. Dorotea alipotoka kuchota maji bombani, Elias alinakili kwenye mashine karatasi ya majaribio aliyoiandika kwa mkono wake: moja, mbili, tatu. Kisha akapitisha amri ya uongo yenye sahihi ya kughushi, akabonyeza kitufe cha kunakili. Mashine ikakoroma, ikatema nakala. Karatasi zake akazificha, ile nakala ya amri akaiacha palepale.

"Hee! Imepona, na bosi keshatuma!" Dorotea alipiga makofi. Akaichukua mwenyewe, mbio hadi stoo.

Elias alifungua kifuniko. Humo mlikuwa na utepe mweusi wa karboni. Kila herufi iliyokwenda kwenye karatasi ilikuwa imebanduka hapo, ikaacha alama yake. Ukiushika utepe kwenye mwanga, unasoma kila kitu. Masalu hakuyajua hayo. Kwake yeye, ujumbe ni karatasi, na karatasi inaungua.

Aliuchomoa, akaweka mpya, ule wa zamani akautia mkobani. Wakati ule alikuwa akijiokoa yeye, si mtu mwingine.

Saa tisa alasiri.

Ufukweni Igombe, magunia yalikuwa tayari botini. Masalu aliitia amri kwenye moto wa kuni. Chenge alikuwa akicheka.

"Nabadilisha namba za gari kituo cha mafuta, Landrova ya polisi hiyo, inapita! Wamempakia yule karani peku. Analia tu, faksi ya bosi, faksi ya bosi."

"Faksi gani?" Masalu aliyachokoa majivu kwa kijiti. Kisha akauona mkono wa Elias umekazana juu ya mkoba. "Una nini humo?"

"Utepe mkuukuu. Uchafu tu wa mashine."

"Tia motoni."

Elias aliingiza mkono, akapapasa. Alitoa utepe wa taipureta ya mteja mwingine, akautupa. Uliungua kwa harufu mbaya. Masalu akaridhika.

"Panda boti. Leo tunalala kisiwani, Nansio."

Elias alirudi nyuma. "Nendeni tu."

"Fundi. Panda."

"Yule ni mke wa marehemu kaka yangu, Masalu."

Chenge akaacha kucheka.

"Ulijua tangu asubuhi," Masalu alisema.

"Nilijua."

Alikimbilia matete. Bastola ililia mara mbili, damu ya moto ikamtiririka kutoka sikioni hadi shingoni. Hakusimama.

Saa kumi na moja jioni.

Kituoni, Dorotea alikaa kwenye benchi, pingu mikononi, miguu mitupu. Alipomwona Elias akainuka.

"Afande, huyu ndiye fundi niliyewaambia. Aliondoka kabla faksi haijaingia. Hajui kitu." Halafu kwa sauti ya chini: "Shemeji, sikio limefanya nini?"

Afande alipiga miayo. "Bosi wa Dar amekana kutuma faksi. Na huyu ameapa kwa Biblia kwamba ulishaondoka."

Mwanamke huyu alijua fika kwamba Elias alikuwepo. Alikuwa amemficha tangu alipokamatwa.

Aliufungua utepe mbele ya dirisha. Herufi zikaonekana: faksi za bosi za siku za nyuma, kila moja na namba ya mtumaji juu yake. Kisha moja, mbili, tatu. Kisha amri ya magunia, haina namba yoyote.

"Mwandiko huu wa nani?" afande aliuliza.

"Wangu. Na amri ni yangu, ilitoka humo humo ofisini. Shemeji hakujua lolote. Wenzangu wametoka Igombe kwa boti, wanakwenda Nansio."

Afande alisoma tena, akamgeukia Dorotea. "Mama, kumbe uliapa uongo."

Dorotea hakuutazama utepe. Alimtazama Elias, machozi yakimtoka bila sauti.

"Mama mkwe nitamwambia nini? Mmoja nilimzika. Nilikuwa nimebaki na wewe tu."

Elias alinyoosha mikono yake mbele. Afande alizifungua pingu mikononi mwa Dorotea, akamfunga Elias. Zilikuwa bado na joto la mikono ya shemeji yake.