Sahani ya Tano

Sahani ya tano ilirudi jikoni ikiwa tupu, na hakuna aliyeigusa. Ndivyo mambo yalivyoanza, Jumapili, mchana kweupe, katikati ya hoteli iliyojaa watu wanaokula na kupiga soga.

Fundi cherehani alikuwa amekwenda kula na mdogo wake wa kiume, wifi yake, na binti yake mwenyewe wa miaka tisa waliyemwita Kasuku, maana mtoto yule alikuwa hanyamazi hata usingizini. Ilikuwa mara yao ya kwanza kurudi pale tangu wamzike mama yao miezi mitatu nyuma. Mhudumu aliyewazoea akaleta sahani nne za wali na kuku, kisha akaja na ya tano mkononi.

“Hii niifunge, kama kawaida?” akauliza.

Fundi akainamisha uso. Kawaida yenyewe haikuwa ya kujivunia. Mama alipopatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Kila alipokula, kijiko kiligongagonga sahani, ka-ka-ka-ka, na watu wa meza za jirani wakageuka kutazama. Mdogo wake fundi, muuza vipuri mwenye wateja wake wakubwa mle hotelini, akaona haya. Basi wakaanza kumwacha nyumbani. Walimwambia, “Pumzika, mama, tutakuletea,” na kwa mwaka mzima wakampelekea chakula kilichopoa ndani ya mfuko.

“Usiifunge. Iweke hapo,” muuza vipuri akamwambia mhudumu. Akavuta kiti kitupu na kusema huku akicheka, “Karibu, mama. Leo huletewi, unakula na sisi.”

Mkewe alimfinya. Kasuku hakucheka. Akasogeza kiti chake pembeni kidogo, kama anayempisha mtu.

Walipomaliza kula, ile sahani ilikuwa nyeupe. Mifupa ilikuwa imepangwa ukingoni, mmoja mmoja, kwa mstari. Katika familia ile ni mtu mmoja tu aliyekuwa na mtindo wa kupanga mifupa hivyo. Fundi akajiambia kwamba mdogo wake ndiye aliyekula, na mdogo wake akadhani ni mtoto, wakaondoka.

Tangu siku ile Kasuku hakula. Alipakuliwa, akakaa mbele ya sahani, mikono mapajani, na mama yake akigeuka kuchukua maji tu, sahani imekwisha na mifupa imepangwa.

“Umekula?”

“Bibi amekula,” alinong’ona mtoto. “Anasema nimsubiri ashibe kwanza.”

“Na anashiba?”

Kasuku akatikisa kichwa.

Hospitali walipima kila kitu wakasema mtoto hana ugonjwa. Mtoto asiye na ugonjwa akapungua kilo sita kwa wiki tano. Sare ya shule ikawa inamning’inia, na fundi, aliyezoea kuzilegeza nguo za mwanawe kila muhula, sasa akawa anazipunguza huku machozi yakidondokea kitambaa. Hata maneno yakamwisha mtoto. Kasuku akawa kimya.

Kisha ikaja ile harufu ya dawa ya kuchua ya marehemu mama, kali, ya kukereketa puani, ambayo chupa yake fundi mwenyewe aliitupa siku ya msiba. Ilianzia kwenye kabati la vyombo, ikahamia kwenye mapazia, ikaingia mpaka kwenye nguo za wateja. Mchana, akiwa peke yake chumbani kwake akishona, kila cherehani ilipotulia alisikia kijiko kikigonga sahani jikoni, ka-ka-ka-ka, naye akaikanyaga cherehani upya bila hata uzi, akashona hewa, akashona hewa tena, kwa sababu alijua akisimama kitagonga, na akienda kutazama ataikuta meza tupu na kiti kimevutwa, na akirudi kukaa atahisi mtu amesimama nyuma ya bega lake, kimya, akimngoja kwa subira ileile aliyoijua maisha yake yote.

Wifi ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa bwana mfupi mwenye miwani, kashika kikapu, wala hana vitisho. Akanusa mlangoni, akamtazama Kasuku aliyelazwa kwenye kochi, akauliza nani alimkaribisha mgeni mezani.

“Nilikuwa natania tu, mzee,” alisema muuza vipuri.

“Wenzetu hawana utani. Maiti hali, mwanangu. Huyu ni jini mwenye njaa. Alikuwa akipita, akasikia karibu, akakaa, na jina la mama yenu akalivaa.” Akatandika kitambaa cheupe sakafuni, akaweka juu yake sahani ya wali na kuku, na kijiko. “Tutamvua hilo jina. Aulizwe jambo alilolijua marehemu na mmoja wenu tu. Jini halijui. Akikosea, hana pa kukaa tena. Asipotoka leo, huyu mtoto hamalizi wiki.”

Wakatazamana. Fundi akasogea mbele. Jambo analo. Alikuwa nalo tangu kabla ya msiba, na hakuwahi kumwambia mtu.

“Jumapili ile ya mwisho,” akaanza. “Chakula cha mama kilikuwa kimeshafungwa. Wakaja rafiki zako,” akamgeukia mdogo wake, “ukafungua mfuko, ukawapa. Niliona. Sikusema kitu, nikacheka na nyinyi. Nikamega na kipande.”

“Dada, hayo ya nini sasa?”

“Nyamaza. Wewe uliniacha mlangoni ukaenda zako. Mimi ndiye niliyeingia. Nilimkuta amekaa, kitambaa mapajani, kijiko mkononi, anatusubiri. Akaniuliza, mmeniletea? Nikamjibu. Siku tatu baadaye akafa, na hajaniuliza tena.” Akapiga magoti mbele ya kile kitambaa. “Kama wewe ni mama yangu, nilikujibu nini?”

Muuza vipuri alikuwa akitazama viatu vyake. Harufu ya dawa ya kuchua ikajaa chumba mpaka wifi akaziba pua kwa khanga, na kijiko kilichokuwa juu ya sahani, hakuna aliyekishika, kikaanza kugonga, polepole, halafu haraka, halafu kikatulia ghafla, na Kasuku akainuka kwenye kochi, macho yamefumbwa, mdomo umepinda upande mmoja kama ulivyopinda mdomo wa bibi yake.

“Ulisema hoteli imefungwa,” akasema kwa sauti nzito ya kikongwe. “Na mikono yako ilikuwa inanuka kuku.”

Mganga akavua miwani. Akaipangusa, akaivaa, kisha akaanza kukusanya vitu vyake kikapuni.

“Mzee, fanya kitu,” muuza vipuri alinong’ona.

“Mimi natoa majini,” alijibu mganga, bila kumtazama yeyote. “Huyu yuko kwake. Siwezi kumtoa mtu kwake.” Hata kitambaa chake alikiacha.

Fundi alibaki amepiga magoti. “Nisamehe, mama,” alisema. “Nisamehe. Mwachie mtoto ale.”

Kasuku akashuka kwenye kochi, akakaa sakafuni, akashika kijiko. Mkono wake ulitetemeka. Akala. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano fundi alimwona mwanawe akitafuna, akimeza, mashavu yakirudiwa na rangi, na angeweza kulia kwa furaha. Mtoto akamaliza, akaipanga mifupa ukingoni, mmoja mmoja, akafuta mdomo kwa upande wa kiganja.

“Jumapili hii,” ile sauti ikauliza, “mtaniacha tena?”

“Hatutakuacha,” alisema fundi. Akaichukua sahani, akaenda jikoni, akaongeza wali. Mtoto wake alikuwa anakula, na hakuthubutu kuuliza ni nani aliyekuwa akishiba.